Kiboko Mfungua Mafunzo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na majiko, na wakwe, na kamati, palikuwa na bonde liitwalo Kirindi, na katika bonde hilo aliishi Bi Pimbi.

Pimbi mnamjua, wanangu? Yule mnyama wa miambani, mnene kidogo, mfupi sana, mkia hana. Ukimwona kwa mbali unadhani ni panya aliyeshiba. Ukimwambia hivyo kwa karibu utajuta, maana ana meno.

Bi Pimbi aliishi juu ya mto kwenye mwamba mmoja wenye mapango ya kupendeza, pamoja na mumewe, watoto wao, na mama mkwe ambaye hakusikia vizuri, ila akisemwa vibaya alisikia kila neno.

Na nyumba ile ilikuwa na vyeti! Aa, vyeti! Bonde la Kirindi lilikuwa bingwa wa mafunzo. Bi Pimbi alikuwa na cheti cha Ufugaji wa Nyuki, na akimwona nyuki alikimbia. Alikuwa na cheti cha Ushonaji, na sindano hajawahi kuishika. Alikuwa na cheti cha Uongozi Bora, na nyumbani kwake aliongozwa na mama mkwe. Vyeti hivyo alifunikia vyungu, uji usiingie inzi, na kwa kazi hiyo vilifaa sana.

Mtauliza, mtu anapataje cheti bila ujuzi? Rahisi. Mafunzo ya Kirindi yalikuwa na sehemu mbili tu: kufunguliwa na kufungwa. Asubuhi mnakaa kumsubiri mgeni rasmi. Mgeni rasmi anachelewa, maana akiwahi atadhaniwa hana shughuli. Akifika anawatambulisha waheshimiwa, nao waheshimiwa wanamtambulisha yeye, kana kwamba hawajaonana tangu kuzaliwa. Kisha anafungua. Kisha mnakula. Mkishakula mnasinzia. Mkizinduka, mgeni rasmi amesimama tena, anafunga. Makofi, vyeti, kwaherini!

Mgeni rasmi nani? Mwenyekiti wa bonde, Kiboko. Mwili kama ghala, miguu kama vinu, na mdomo, wanangu, mdomo ule ungeweza kuweka ndani yake banda la kuku na kuku wakabaki na uwanja wa kuchezea.

Basi siku moja ardhi ikatetemeka. Du! Du! Du! Bibi Tembo, mfanyabiashara kutoka nchi za mbali, akaja akivuta mtambo. Alikuwa amesikia kwamba Kirindi inaota alizeti mpaka kwenye mapaa ya nyumba, na wenyewe wanaitazama tu ikiliwa na ndege. Akauweka mtambo kando ya mto, gurudumu lake likaingia majini, akaita mkutano.

"Habari za hapa?"

"Nzuri, Bibi! Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba. Nimeleta mtambo wa kukamua mafuta. Nataka wafanyakazi. Mpo?"

"Tupooo!"

"Mnajua kuendesha mtambo?"

Kimya. Mtu akakohoa. Kanga, jirani yake Bi Pimbi, ambaye kimya humwasha mwili, akashindwa kuvumilia. "Tuna vyeti, Bibi!"

"Cheti kina mikono?" akauliza Bibi Tembo.

Kanga akatazama miguu yake.

"Sikilizeni," akasema Bibi Tembo, "mimi si mtu wa maneno mengi. Huyu hapa ni Fundi Korongo. Atawafundisha. Mwezi ukiwa mpevu nitarudi. Mkiweza kuuendesha mtambo mbele ya macho yangu mpaka ndoo ijae, kazi zenu. Mkishindwa, nitaajiri watu wa kutoka nje, na hao watahitaji pa kulala, tena karibu na mtambo." Akanyoosha mkonga, ukapita juu ya vichwa vyao, ukaelekea moja kwa moja kwenye mwamba wa Bi Pimbi. "Pale panafaa. Wenye pale mtanipisha."

Bi Pimbi akamgeukia mama mkwe aliyeketi kando yake.

"Amesema nini?" akauliza mama mkwe.

"Amesema tukishindwa kazi, tunahama, mama."

"Tunahama kwenda wapi? Na magoti yangu haya?"

Kabla Bi Pimbi hajatafuta jibu, Kiboko alikuwa ameshasimama, akitoa maji puani, fyuuu!

"Ndugu wananchi! Mafunzo haya ni mali ya bonde, na bonde lina Mwenyekiti. Kwa hiyo ni marufuku, narudia, ni marufuku mtu yeyote kuugusa mtambo huu mpaka mimi, kwa mdomo wangu huu, nitamke kwamba mafunzo yamefunguliwa!"

Akauonyesha mdomo wenyewe, ili asije mtu akasema hakuuona.

Bibi Tembo akaondoka. Wenyeji wakaketi chini ya turubai kusubiri kufunguliwa.

Kesho yake Kiboko hakuja. Kesho kutwa akaja jua likiwa la utosi, akasema ratiba imebana, akaenda zake. Siku iliyofuata akatuma salamu. Fundi Korongo alisimama kando ya mtambo kwa mguu mmoja, akachoka, akahamia mguu wa pili.

"Jamani," akasema, "nimefundisha ng'ambo ya bahari na ng'ambo ya milima. Sijaona mahali watu wanangoja kufunguliwa kama chupa."

Wenyeji wakacheka, kisha wakaendelea kungoja. Walikuwa na ujuzi huo, angalau.

Mchana mmoja Bi Pimbi akashuka mtoni na mtungi wake. Kwa ufupi wake ule, alipoinama kwenye matete hakuonekana kabisa. Upande wa pili wa matete akasikia Kiboko akizungumza na Nyati, wameloa mpaka shingoni.

"Mwenyekiti, mafunzo unafungua lini?"

"Nitafungua."

"Mwezi si unakaribia kujaa?"

"Ho ho ho! Nyati wewe, una pembe mbili na akili nusu. Wapwa zangu wako ng'ambo, wamekaa bure, wanakula nyasi za mama yao. Nimewaahidi kazi hizi. Bibi Tembo akirudi akakuta wenyeji hawajui kitu, nitasema kwa masikitiko makubwa: 'Wenyeji hawana ujuzi.' Nitafuta na chozi."

"Na mafunzo je?"

"Nilisema yatafunguliwa. Nilisema lini?"

"Kweli, hukusema."

"Basi."

Wakacheka mpaka maji yakapanda ukingoni, yakamlowesha Bi Pimbi miguu.

Akarudi juu na mtungi mtupu. Pimbi akifikiri hujikuna tumbo, na siku ile alijikuna mpaka mumewe akamuuliza kama ana viroboto. Yeye akaenda zake kwa Kanga.

"Shoga, tumekwisha," akamwambia, akamweleza yote.

"Kekekeke! Mungu wangu! Twende tukamseme mbele za watu!"

"Tumseme kwa nani? Mwenye kusikiliza malalamiko ni nani hapa bondeni?"

Kanga akafikiri. "Kiboko."

"Haya."

"Basi tuuguse mtambo kwa siri."

"Atusikie, atukanyage, aseme tulivunja sheria. Hapana. Shoga, yule anataka nini?"

"Kuchelewesha."

"Na anapenda nini?"

"Kusifiwa, jamani! Nani asiyejua?"

"Basi sisi tutamsaidia kuchelewesha," akasema Bi Pimbi, "na tutamsifu mpaka masikio yamwote majani."

Kwanza akamwendea Fundi Korongo. Fundi akatikisa shingo yake ndefu. "Mama, mimi nimezeeka bila kuvunja sheria ya nchi ya mtu. Pasipofunguliwa, sifundishi."

"Hutavunja kitu, fundi. Atafungua mwenyewe, kwa mdomo wake. Wewe kaa na spana yako tu, ukisikia, anza."

Kisha akashuka mtoni, akajifuta vumbi, akapiga goti, ingawa kwa pimbi kupiga goti na kusimama hakuna tofauti kubwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Nani anaongea? Simwoni mtu."

"Huku chini, Mheshimiwa."

"Ahaa! Pimbi. Nilidhani jiwe limepata adabu. Unasemaje?"

"Mheshimiwa, nimekuja kulalamika. Watu wanataka ufungue mafunzo haraka haraka, nusu saa, basi! Mimi nikasema hapana. Kiongozi mkubwa kama huyu afungue kama anafungua mlango wa choo? Mafunzo makubwa yanataka ufunguzi mkubwa. Ufunguzi wa siku hata siku! Wenye itifaki kamili!"

Kiboko akatoa kichwa chote nje ya maji. "Siku hata siku?"

"Mpaka mwezi ujae, ikibidi."

"Mpaka mwezi ujae," akarudia Kiboko polepole, kama mtu aliyetiwa asali ulimini. "Pimbi, wewe una busara kuliko urefu wako. Nani atakuwa mshereheshaji?"

"Nikiruhusiwa, mimi."

"Ruhusa!"

Asubuhi iliyofuata turubai lilipambwa. Bi Pimbi akaweka meza kuu, na juu ya meza kuu akapanga maua ya alizeti, shada juu ya shada, mpaka ukatokea ukuta wa maua. Kiboko, Nyati na Kifaru walipoketi nyuma yake, waliweza kuonana wao kwa wao tu. Wananchi hawakuonekana. Lakini waheshimiwa walipendeza, na hakuna aliyelalamika.

"Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi, "kabla hatujaanza, tujaribu sauti. Koo la mgeni rasmi likikwama siku yenyewe, aibu ya bonde zima. Hebu jaribu lile neno lako, tulisikie."

"Lile la kufungua?"

"Hilo hilo. Kwa nguvu."

Kiboko akajinyoosha, akaufungua mdomo. "MAFUNZO HAYA NIMEYAFUNGUA RASMIII! HOOOO!"

Milima ikaitika: asmiii, ooo! Ndege wakaruka. Kanga na ndugu zake wote wakapiga makofi, pa pa pa pa!

"Safi kabisa!" akasema Bi Pimbi. "Mmesikia nyote? Kazi ya koo imekwisha. Sasa, Mheshimiwa, keti. Tuanze itifaki."

Na upande wa pili wa ukuta wa maua, wenyeji wakanyata, cha, cha, cha, mmoja baada ya mwingine, kuelekea kwenye mtambo. Kanga na ukoo wake tu ndio waliobaki vitini kupiga makofi, wakipokezana.

Itifaki ni nini? Ni kule kutaja wakubwa kwa mpangilio wa ukubwa wao kabla hujasema ulilojia. Watu wenye njaa hufupisha, husema "itifaki imezingatiwa," wakaendelea. Bi Pimbi alipiga marufuku ufupisho huo.

"Mheshimiwa Kifaru," akasema, "karibu utoe salamu."

Kifaru akasimama. "Itifaki imeza—"

"Aa! Aa! Aa! Imezingatiwa na nani? Yaani Mwenyekiti wetu apitwe kama kibanda cha karanga njiani?"

"Kweli!" akanguruma Kiboko. "Nitajwe!"

Kifaru akamtaja. Akamtaja kwa vyeo vyake, na vyeo vya baba yake. Alipomaliza, Nyati akanuna.

"Mimi hajanitaja vizuri. Amesema Nyati. Hajasema pembe."

"Astaghafiru!" akasema Bi Pimbi. "Pembe zimesahauliwa. Itabidi tuanze mwanzo."

Wakaanza mwanzo. Nyati akatajwa na pembe zake. Hapo Kifaru akauliza, kama pembe zinatajwa, mbona ya kwake iliyo puani haikutajwa, tena iko mbele kuliko zote? Nyati akasema mbili ni nyingi kuliko moja. Kifaru akasema hata yeye anazo mbili, ile ya nyuma ni fupi tu. Bi Pimbi akasema jambo hili ni zito, linahitaji kamati, akawaachia walizungumze, akateleza chini ya meza, akakimbilia kwenye mtambo. Wale wakizungumza pembe, mtu unaweza kuchota maji, ukapika maharage yakaiva, ukarudi ukawakuta palepale.

Kule mtamboni Fundi Korongo alikuwa anatokwa jasho.

"Fundi," Ngiri alikuwa anauliza, "chakula saa ngapi?"

"Chakula gani?"

"Si mafunzo haya?"

"Shika spana!"

"Na vyeti tunapewa lini?" akauliza mume wa Bi Pimbi, ambaye alikuwa ameshatafuta kivuli na kukilalia.

"Amka, baba watoto!" akasema mkewe. "Unadhani tumekuja kufanya nini?"

"Mimi kwenye mafunzo nimezoea kukaa. Mgongo wangu umeshajifunza hivyo."

Wanangu, msidhani walikuwa werevu. Hawakuwa. Mtu aliyezoea kufundishwa kwa masikio, mikono yake huwa kama ya kuazima. Kicheche alikaza nati mpaka ikakatika. Ngiri aliukalia mkanda. Bi Pimbi mwenyewe aliungua kidole, akakitia mdomoni, akasema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Na Fundi Korongo alirudia kila kitu, asubuhi na alasiri, hakutaja cheo cha mtu hata mara moja.

"Alizeti kidogo kidogo! Kiganja kwa kiganja! Mtambo ni kama mtoto mchanga, humshindilii. Msikilizeni. Akiwa na njaa, analia: nyiii, nyiii. Ongezeni. Akishiba, anaguna: ngu, ngu. Acheni. Akiwa sawa anaimba. Basi."

Kicheche akasikia, akaelewa, akamwaga gunia zima.

GWAAA! Mtambo ukakabwa, moshi ukatoka, fuuu!

Kule meza kuu Kiboko akashtuka. "Nini hicho?"

Bi Pimbi alikuwa amesharudi chini ya meza, anahema. "Mwananchi amepaliwa kwa furaha, Mheshimiwa. Ametajiwa vyeo vyako vyote kwa mpigo."

"Mpeni maji."

"Amepewa."

Wakaufungua mtambo, wakautapisha, wakaanza tena. Na siku moja, baada ya kukwama na kutapika kwingi, ukaimba.

Kwacha-kwacha-kwacha-kwacha!

Sauti ile, wanangu, ukiwa nyuma ya ukuta wa maua, haina tofauti yoyote na makofi ya umati mkubwa. Kiboko akatega sikio. Makofi hayakatiki! Akasimama, akaweka mguu kifuani, akauinamia mtambo kwa shukrani.

"Asanteni! Asanteni sana, wananchi!"

Kwacha-kwacha-kwacha!

"Jamani inatosha! Mnaniliza!"

Tangu siku hiyo, kila mtambo ulipowaka Kiboko aliinama. Ulipokwama alinuna, akasema wananchi wa leo hawana shukrani, na Bi Pimbi akakimbia nyuma kwenda kuwahimiza wakazane.

Mafuta yakaanza kutiririka. Sasa yafichwe wapi? Bi Pimbi akafikiri, akajikuna tumbo, akapeleka nyumbani. Mama mkwe akakaanga vitumbua, sinia kwa sinia, vikaletwa meza kuu vikiwa vya moto.

"Mmm!" akasema Kiboko, midomo inang'aa. "Vitumbua gani hivi? Mafuta haya mmeyatoa wapi?"

"Yametoka hapa hapa bondeni, Mheshimiwa," akajibu Bi Pimbi, "kwa jitihada za uongozi wako."

"Ndiyo maana ni matamu." Akatupia kingine. Akala ushahidi wote, akalamba na sinia.

Siku zikaenda hivyo, mbele pembe, nyuma alizeti. Mpaka jioni moja mwezi ukachomoza umejaa kama sufuria, na asubuhi yake ardhi ikatetemeka tena. Du! Du! Du!

Kiboko alikuwa amejiandaa. Wapwa zake walikuwa wamevuka mto usiku ule, wamepanga mstari, wanono, wamepakwa tope jipya la sherehe.

"Bibi Tembo, karibu," akasema Kiboko, na chozi lilikuwa tayari jichoni, sijui alilifuga wapi. "Kwa masikitiko makubwa, wenyeji hawana ujuzi. Tumejitahidi. Lakini mafunzo ni kitu kikubwa, na kitu kikubwa hakifunguliwi ovyo. Tulikuwa bado kwenye itifaki. Kwa bahati nzuri, wapo vijana fulani, wanapita tu..."

"Shikamoo, mjomba!" wakasema vijana wanaopita tu.

Bibi Tembo akageuza kichwa polepole, akautazama mwamba wa Bi Pimbi. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, amekumbatia magoti yake kwa mikono miwili, kana kwamba atanyang'anywa hayo pia. Bi Pimbi akaona, akapiga hatua mbele. Ukuta wa maua ulikuwa umeondolewa. Sasa palikuwa na macho ya Tembo tu, na mtambo ulikuwa na tabia ya kukwama siku ukiombwa usikwame.

"Bibi," akasema, "wenyeji tunaomba zamu yetu."

"Zamu ya nini?" akafoka Kiboko. "Pimbi, kaa chini!"

"Nimeshakaa, Mheshimiwa. Huu ndio urefu wangu."

"Ni marufuku kugusa! Sijafungua!"

"Umefungua," akasema Kanga, maana kimya kilikuwa kimeanza kumwasha. "Siku ile ya kujaribu sauti. Ulisema, 'Mafunzo haya nimeyafungua rasmi.' Tulipiga makofi mpaka mabawa yakavimba."

"Yalikuwa mazoezi!"

"Ulisema mpaka utamke," akasema Fundi Korongo taratibu. "Ukatamka. Hukusema utamke mara ngapi. Mimi nikaanza kazi."

Bibi Tembo akafuta mkonga. "Washeni."

Ngiri akafungulia maji, gurudumu likageuka. Kicheche akasimama penye nati, safari hii kwa adabu. Mume wa Bi Pimbi akashika ndoo, na alikuwa wima. Bi Pimbi akachota alizeti, kiganja. Akasikiliza.

Nyiii, nyiii.

Kiganja kingine. Kingine.

Ngu! Ngu! Ngu!

Mtambo ukatetemeka. Wapwa wakaanza kutabasamu. Bi Pimbi akazuia mkono, akafumba macho, jasho likamshuka mpaka puani. Subiri. Subiri kidogo. Usiogope, usishindilie...

Kwacha-kwacha-kwacha-kwacha!

Na hapo, kabla hata tone la kwanza halijaanguka, Kiboko akasimama. Mguu kifuani. Akauinamia mtambo.

"Asanteni! Asanteni sana, wana—"

Akakatika. Akatazama mtambo. Akatazama viti, vitupu. Akatazama tena mtambo.

"Ala!" akasema. "Yalikuwa... ndiyo haya..."

"Ndiyo hayo hayo, Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi bila kugeuka. "Mtambo wote huu unakushangilia tangu majuzi."

Bonde likapasuka kwa kicheko. Nyati akacheka mpaka Kifaru akamwambia hata wao walikuwa pale, ndipo akaacha. Mafuta yakatiririka, yakapanda, ndoo ikajaa, ikamwagika miguuni mwa Bibi Tembo. Akachovya ncha ya mkonga, akaonja.

"Kazi zenu," akasema. "Na mwamba ni wenu."

"Amesema nini?" akapiga kelele mama mkwe kutoka juu.

"Amesema tunabaki, mama!"

"Nilijua! Nilishawaambia magoti yangu hayahami!"

Sasa wale wapwa wakamgeukia Kiboko. "Mjomba! Ulisema kazi zetu! Tumevuka mto na tumbo tupu!"

Kiboko akatazama kando, kama mtu aliyeitwa jina la mwingine.

Bi Pimbi akawatazama. Vijana wakubwa vile, nguvu tele, hawajui kitu, wameahidiwa maneno. Akaona kama anajitazama mwenyewe kabla mtambo haujaja, ila wanene zaidi.

"Bibi Tembo," akasema, "magunia yale sisi hatuyawezi. Vijana hawa wakifundishwa kubeba na kupanga, watafaa."

"Waanze leo," akasema Bibi Tembo.

"Leo?" Kiboko akafufuka. "Basi subirini! Hayo nayo ni mafunzo! Lazima yafunguliwe! Mnipe dakika chache tu!"

"Fungua, mjomba," akasema mpwa mkubwa, akaweka gunia begani. "Wewe endelea kufungua, sisi tunaanza."

Wakaondoka wote kwenda kazini. Kiboko akabaki peke yake, akaingia mtoni kwa hasira, akaufungua mdomo kutafuta pa kuanzia, akamtafuta wa kumtaja kwanza. Hakumwona. Na mpaka leo, ukipita kando ya mto wowote ulio na viboko, utamkuta ameachama vilevile, mdomo wazi kabisa. Wageni husema anapiga miayo. Si miayo. Anafungua mafunzo.

Basi ngano nimeitua hapa, aliyechoka kuisikia amtwike mwenzake: ujuzi haufunguliwi kwa mdomo wa mkubwa, hufunguliwa kwa mikono ya anayejifunza.